Godzilla Yupi Kwanza? Ushauri kwa Watazamaji wa Kitale na Bungoma

Swali halichoki. Analiuliza mwendesha boda pale Kanduyi, analiuliza mwalimu wa Kiminini, analiuliza na msichana wa chuo aliyerudi Kimilili kwa likizo: nataka kutazama Godzilla na anime za zamani, nianzie wapi? Halafu hufuata mengine, yanayoulizwa kwa sauti ya chini kidogo. Si mambo ya watoto hayo? Nitaelewaje na sijui Kijapani? Mbona ile niliyowekewa kwenye flash ilinilaza kabla ya nusu saa kwisha?

Nimejibu mmoja mmoja vya kutosha. Acha nijibu wote mara moja. Anza na chache. Anza na za zamani. Usitazame peke yako. Wengi hufanya kinyume cha hayo matatu: wanajaza diski mpaka inakataa, wanaanza na filamu ya juzi, wanajifungia chumbani na simu. Hazipiti wiki mbili wamerudi kwenye mpira.

## Taja mwaka, la sivyo utapewa chochote

Kosa la kwanza hutokea kabla skrini haijawashwa. Mtu anaingia duka la muvi, anamkabidhi kijana flash yake na kusema, "Boss, niwekee Godzilla." Jina hilo moja linabeba filamu zaidi ya 30 za kampuni ya Toho ya Tokyo, ukihesabu na zile za katuni, na juu yake kuna za Wamarekani. Kijana wa duka hana kosa. Atakupa inayoombwa sana, ambayo aghalabu ni ile ya Godzilla akitwangana na Kong. Si mbaya kwa jioni moja, lakini hiyo ni ya Marekani, na siyo uliyosikia watu wakiisifu.

Ukiagiza, taja mambo matatu:

- Mwaka. Usiseme "ile ya zamani". Sema 1954, sema 1964, sema 1971.
- Nchi. Sema ya Japani, ya Toho.
- Lugha. Sema unataka sauti ya Kijapani na sabtaito za Kiingereza, yaani yale maandishi ya chini.

Ukishapokea faili, lifungue palepale dukani ulikague, kwa maana kuna mitego mitatu inayojirudia.

Wa kwanza ni wa 1954 na 1956. Filamu asilia ya Kijapani, *Gojira*, ilitoka Novemba 1954 na ina dakika 96. Mwaka 1956 Wamarekani waliikata, wakamchomeka mwigizaji Raymond Burr akicheza mwandishi wa habari anayesimulia kila kitu kwa Kiingereza, wakaiita *Godzilla, King of the Monsters!* Hiyo ina kama dakika 80. Ukiona Mzungu anasimulia Tokyo ikiungua, umepewa ya 1956. Irudishe.

Wa pili ni *Godzilla* ya 1998, ya Roland Emmerich, iliyopigwa New York. Yule ni mjusi mkubwa anayekimbia makombora. Toho wenyewe walimpa baadaye jina la Zilla, na katika *Godzilla: Final Wars* ya 2004 walimleta apigane na Godzilla wa kweli mjini Sydney, pambano likaisha kwa sekunde chache tu. Sijui lawama nyingine iliyowahi kuandikwa kwa ufupi namna hiyo.

Mtego wa tatu uko upande wa anime. *Nausicaä of the Valley of the Wind*, ya Hayao Miyazaki, 1984, ina dakika 117. Ipo nakala ya Kiingereza ya 1985 iitwayo *Warriors of the Wind*, iliyokatwa zaidi ya dakika 20 na kugeuzwa filamu ya vita vya kawaida. Miyazaki hakupendezwa nayo kabisa. Nawe usipendezwe.

## Filamu sita za mazimwi, kwa mpangilio huu

Wajapani huwaita mazimwi hawa kaiju. Usihofie kwamba utapotea kwa kuruka filamu katikati. Nyingi hazitegemeani, na hata zinazotegemeana hujieleza zenyewe.

1. Gojira (1954). Hii haina mbadala. Mwelekezi ni Ishirō Honda, fundi wa miujiza ya kamera ni Eiji Tsuburaya, muziki ni wa Akira Ifukube. Ili uielewe, unahitaji kujua jambo moja kabla hujaketi. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni kwenye kisiwa cha Bikini, bahari ya Pasifiki. Mashua ya wavuvi wa jodari kutoka Japani, *Daigo Fukuryū Maru*, ilikuwa karibu, na majivu yenye sumu yakawanyeshea wavuvi 23. Mwendesha redio wao alifariki Septemba mwaka huohuo. Filamu ikaingia kwenye majumba ya sinema Novemba, nayo inaanza na mashua inayopigwa na mwanga mkali baharini kisha kuzama. Watazamaji wa Tokyo hawakuhitaji kuelezwa chochote. Miaka tisa tu ilikuwa imepita tangu Hiroshima na Nagasaki.

Kwa hiyo usitarajie kushangilia. Kuna mama amewakumbatia wanawe kando ya barabara inayowaka, akiwaambia kwamba muda si mrefu watamfikia baba yao. Kuna mtoto anayepimwa mionzi, na daktari anatikisa kichwa. Zimwi mwenyewe huonekana kwa muda mfupi kuliko unavyodhani. Sehemu kubwa ya filamu ni watu wakibishana wafanye nini. Hapo ndipo wengi husinzia. Jibu langu ni kuwafuata wanasayansi wawili tu: mzee Yamane, asiyetaka zimwi auawe, na kijana Serizawa, aliyevumbua silaha asiyotaka mtu yeyote aijue. Ukiwashika hao wawili, usingizi hautakujia.

2. Mothra vs. Godzilla (1964). Baada ya huzuni, rangi. Nondo mkubwa anayelinda kisiwa chake, matajiri waroho wanaotaka kufanya biashara na yai lake, na wasichana wawili wadogo wanaoimba. Hii ndiyo ya kuwakaribisha wageni nyumbani.

3. Ghidorah, the Three-Headed Monster (1964). Desemba ya mwaka huohuo. Hapa Godzilla anaanza kuwa upande wetu, na adui ni joka la vichwa vitatu kutoka angani. Inachekesha, mara nyingine bila kukusudia. Itazame mkiwa wengi.

4. Godzilla vs. Hedorah (1971). Hii nawaomba hasa watu wa Webuye. Hedorah ni zimwi aliyekuzwa na taka za viwandani: anaogelea kwenye matope ya sumu, anakaa juu ya bomba la moshi na kuuvuta moshi kama mzee na kiko chake, na hewa yake ya asidi inayeyusha watu. Yoshimitsu Banno aliielekeza wakati miji ya Japani kama Yokkaichi ilikuwa imejaa wagonjwa wa pumu kwa sababu ya moshi wa viwanda. Aliyekulia Webuye zama za kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, kabla hakijafungwa mwaka 2009, anaijua ile harufu iliyokuwa ikimpokea abiria kabla hajauona mji, na anajua jinsi mabati ya nyumba yalivyooza kwa kutu kabla ya wakati wake. Mtoto wa Tokyo wa 1971 na mtoto wa Webuye walivuta kitu kinachofanana. Filamu yenyewe ina vituko, ina katuni katikati, ina Godzilla anayeruka angani kinyumenyume. Wahakiki wengi waliidharau. Mimi naiweka juu ya nyingi zinazosifiwa, na sibadilishi.

5. Shin Godzilla (2016). Ya Hideaki Anno na Shinji Higuchi, iliyotengenezwa Japani ikiwa bado na jeraha la tsunami na Fukushima ya 2011. Zimwi anatembea mjini huku serikali ikihama kutoka chumba kimoja cha mikutano hadi kingine kutafuta nani wa kutia sahihi. Kama umewahi kusubiri barua kwenye ofisi yoyote ya umma, utacheka, kisha utanyamaza. Sabtaito zake zinakimbia sana; itazame mchana, akili ikiwa haijachoka.

6. Godzilla Minus One (2023). Takashi Yamazaki anaturudisha 1945, kwa rubani aliyekataa kufa. Ilishinda Oscar ya ufundi wa picha mwaka 2024, filamu ya kwanza ya Kijapani kushinda tuzo hiyo, kwa kazi ya mafundi 35 tu. Ukiitazama baada ya ile ya 1954 utaona zinavyoongea. Ukiitazama kwanza, utaona tu filamu nzuri.

Gamera, kobe anayeruka na mlinzi wa watoto, ni wa kampuni nyingine, Daiei. Akikuvutia, tafuta zile tatu za Shusuke Kaneko za 1995, 1996 na 1999, uziache za zamani kwa siku ya mvua.

## "Lakini yule ni mtu ndani ya suti!"

Ndiyo, ni mtu. Aliitwa Haruo Nakajima, na mwaka 1954 alivaa suti ya uzito wa takriban kilo 100 chini ya taa za studio, akivunja majengo madogo yaliyojengwa kwa mkono, dirisha kwa dirisha. Kamera ilizungushwa kwa kasi ili picha ikichezwa kwa mwendo wa kawaida, kila hatua ionekane nzito. Na ule mngurumo? Ifukube alilegeza nyuzi za besi kubwa, akazisugua kwa glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu, kisha sauti ikapunguzwa mwendo.

Anayelalamika kwamba "inaonekana bandia" nampa kazi moja. Achague jengo moja kwenye skrini alifuatilie mpaka lianguke. Aangalie vigae vinavyodondoka, nyaya za umeme zinavyokatika, moshi unatoka upande gani. Akimaliza aniambie kama kompyuta ya juzi imemfanya atazame jengo kwa makini hivyo.

Tena sisi si wageni wa mazimwi. Aliyesimuliwa habari za linani, zimwi la Kibukusu, na kukhu (bibi) yake jikoni hakuuliza kama linani alikuwa wa kweli. Na Wabukusu wanaosimulia jinsi Mango alivyoliua joka pangoni, na kwa nini tohara ikafuata, wanajua kwamba zimwi huja na sababu yake. Tazama hivyohivyo.

## Usiku wa kwanza: fanya hivi

1. Chagua filamu moja. Moja tu. Mbili kwa usiku mmoja huishia moja na nusu.
2. Lijaribu faili mchana, kwenye televisheni ileile mtakayotumia. Televisheni nyingi hazisomi kila aina ya MKV, na utagundua hilo wageni wakiwa wameketi.
3. Kama faili linazidi GB 4 na flash inakataa kulipokea, flash hiyo imepangwa kwa FAT32. Ipange upya kwa exFAT, lakini hakikisha kwanza televisheni inaisoma exFAT. Za zamani nyingi haziisomi. La sivyo, tumia kompyuta na waya wa HDMI.
4. Kwenye kompyuta tumia VLC. Herufi b hubadilisha sauti kutoka Kiingereza kwenda Kijapani, v hubadilisha sabtaito, na g na h husogeza sabtaito zilizochelewa au zilizotangulia mdomo.
5. Kama sabtaito ziko kwenye faili lao lenye mkia wa .srt, lipe jina lilelile la filamu, herufi kwa herufi, na uliweke folda moja nayo.
6. Chaji kompyuta ijae. Stima ikipotea Section Six au Mupeli, mnaendelea na betri na spika ndogo.
7. Zima taa. Gojira ya 1954 ni ya rangi nyeusi na nyeupe, na balbu ya sebuleni huufuta usiku wote wa Tokyo.

## Sabtaito au dabu?

Sabtaito, kwa filamu zote sita hapo juu. Sababu ya kwanza ni sauti za waigizaji: Kiingereza kilichopandikizwa miaka ya 60 kinamfanya kila profesa aongee kama tangazo la sabuni. Sababu ya pili ni ya hapa kwetu. Kuanzia Aprili mvua ya Kitale hunyesha alasiri na jioni, na ikianza kupiga mabati hakuna dabu itakayosikika. Maandishi hayazuiwi na mvua.

Kwa anime nalegeza kamba kidogo. *Cowboy Bebop* ina dabu ya Kiingereza inayosifiwa hata na wakali wa Kijapani, na watoto wasiosoma haraka wapewe dabu bila ubishi.

Lakini kuna njia ya tatu, nayo ni yetu. Afrika Mashariki imekuwa na wasimulizi wa filamu kwa miaka mingi: DJ Afro hapa Kenya, Lufufu kule Tanzania, VJ Jingo na wenzake wa Kampala ambao muvi zao za Kiganda zinavuka mpaka na kufika hadi huku. Kwa hiyo mteue mfasiri wa chumbani, hasa kama kuna kukhu au kogo, yaani bibi, ambaye Kiingereza cha sabtaito hakimfai. Masharti yake:

- Atafsiri maneno yanayosemwa, asitabiri yajayo.
- Anyamaze zimwi anapotembea. Muziki wa Ifukube unajitosheleza.
- Asitie mzaha kwenye Gojira ya 1954. Kwenye Ghidorah, ruhusa.

Nasema hivi nikiwa mpenzi wa DJ Afro. Mtindo wake huipa filamu ya kung fu maisha mapya, ila mbele ya yule mama na wanawe ungeharibu kila kitu.

## Anime za zamani: tano na onyo lake

Vijana huniuliza kama Naruto ni ya zamani. Kwa umri wenu, labda. Naruto ya kwanza ina sehemu 220 na Shippuden 500. Hiyo ni ahadi ya miaka. Anza na hizi:

- *My Neighbor Totoro* (1988), dakika 86. Wasichana wawili wahamia shamba, mama yao yuko hospitalini, na msituni kuna kiumbe mkubwa mpole. Haina adui. Mtu wa Trans Nzoia ataijua ile njia ya matope kati ya mashamba. Umri wowote.
- *Nausicaä* (1984). Msitu wa sumu, wadudu wakubwa kama nyumba, na binti mfalme anayejaribu kuwaelewa badala ya kuwaua. Mpenzi wa kaiju huvuka kuingia anime kwa daraja hili.
- *Captain Tsubasa* (1983). Mpira. Uwanja ni mrefu kiasi kwamba lango huonekana kuchomoza kama mlima, na shuti moja linaweza kuchukua nusu ya kipindi. Fernando Torres ameeleza jinsi ilivyompeleka kwenye mpira akiwa mtoto. Kwa vijana wanaocheza pale uwanja wa Masinde Muliro, Kanduyi, hii ndiyo chambo bora.
- *Cowboy Bebop* (1998), sehemu 26. Wawinda wahalifu angani, wenye njaa na madeni. Jazi safi. Ya watu wazima, na inaisha pale inapopaswa kuisha.
- *Neon Genesis Evangelion* (1995), sehemu 26. Ya Hideaki Anno yuleyule wa *Shin Godzilla*. Inaanza kama vita vya maroboti na kuishia ndani ya vichwa vya vijana walioumizwa. Usiianze ukiwa na msongo, na usimpe mtoto wa shule ya msingi.

*Akira* ya 1988 ni kazi kubwa na ina damu nyingi. Ngoja umalize hizo.

Onyo linahusu *Grave of the Fireflies* ya Isao Takahata. Ilitoka siku moja na *Totoro*, tarehe 16 Aprili 1988, na kuonyeshwa pamoja nayo. Usiwaige. Ni habari ya kaka na dada wakifa njaa mwishoni mwa vita, na hakuna mtu anayeweza kutazama kitu kingine baada yake. Wala usiwawekee watoto kwa sababu umeona ni katuni.

## Mambo yatakayokukera

Ni heri nikuambie mapema. Katika *King Kong vs. Godzilla* ya 1962, wenyeji wa kisiwa cha Faro ni waigizaji wa Kijapani waliopakwa rangi ya kahawia, wakicheza ngoma ya kubuni. Kisiwa cha Mothra kina mchezo huohuo. Na Osamu Tezuka, baba wa *Astro Boy* ya 1963, alichora pia habari za simba mweupe Kimba, iliyogeuzwa anime mwaka 1965, ambamo Afrika ni pori moja lisilo na Nairobi wala Mombasa. Vitabu vyake vya zamani vinawachora Waafrika kwa midomo minene ya kejeli; baada ya malalamiko wachapishaji wake walianza kuweka maelezo ndani ya vitabu.

Sikuambii uzisusie. Nakuambia mambo mawili. Usianze nazo. Na siku ukizitazama na watoto, lisemeni jambo hilo kwa sauti, msilipite kimya kana kwamba hamkuliona. Mtoto huona. Ukinyamaza, atadhani umekubali.

## Watoto, wazazi na kanisa

"Ni katuni, waache watazame." Hapana. Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya, KFCB, huainisha kwa GE, PG, 16 na 18, na katuni haina msamaha. Ukikosa alama yoyote, tazama wewe kwanza.

"Pasta anasema ni mapepo." Jibu kwa heshima na kwa ukweli. Katika *Spirited Away*, anime nyingine, mizimu ipo, kwa kuwa imani ya Washinto iko ndani ya hadithi. Usimwambie mama mkwe kwamba haipo. Mwambie pia kwamba Gojira ina kwaya ya wasichana wanaoimba wimbo wa kuombea amani, halafu mkaribishe aketi aamue mwenyewe. Akikataa, kubali. Nyumba yenye ugomvi haina nafasi ya filamu.

## Mkitaka kuwa kikundi

Watu watano kwenye sebule hawahitaji ruhusa ya yeyote. Mkianza kuita umma, mambo hubadilika:

- Kuonyesha filamu hadharani kunahitaji leseni ya KFCB, na ruhusa ya mwenye filamu ni suala la pili. Msitoze kiingilio kabla hamjapata yote mawili.
- Nakala nyingi za flash hazina idhini ya waliotengeneza, na wenye maduka wanajua hivyo. Penye njia halali, itumieni: filamu za Ghibli, studio ya Miyazaki na Takahata, zimo Netflix, *Ultraman* na *Gundam* zina chaneli rasmi za YouTube zinazotoa sehemu bure, na Toho wana chaneli yao ya Godzilla.
- Pimeni bando. Sehemu ya dakika 24 kwa ubora wa 480p hula kama MB 100 hadi 150. Punguzeni ubora wenyewe kwenye mipangilio, la sivyo simu itachagua wa juu.
- Ndugu aliye Marekani akitaka kukutumia diski za Blu-ray, mwambie kwanza kwamba za kule ni za kanda A na mashine zinazouzwa huku ni za kanda B. Huenda zisicheze.
- Bungoma, msipange chochote Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili. Msimu wa tohara ukiingia hakuna atakayekuja, hata wewe hutakuwepo.

Baada ya Gojira, msiulizane kama ilikuwa nzuri. Ulizaneni nani alikuwa na haki, Yamane au Serizawa. Swali hilo linaweza kumaliza chai yote.

Na wewe mwenye diski ya filamu mia mbili ambazo hujafungua hata moja: hamisha sita nilizotaja na anime tano kwenye folda yao, funga folda nyingine zote, na Jumamosi hii uweke ile ya 1954. Kisha, ukifika ya nne, uniandikie umeonaje Hedorah.